Siku tano nikiwafuata wanawake wa maji, kutoka Rhine hadi Lusignan

Alhamisi: Köln hadi St. Goarshausen

Treni ya ukingo wa kulia wa mto Rhine imetoka Köln saa mbili na robo asubuhi. Nimekaa dirisha la upande wa mto, chupa ya chai miguuni, begi moja dogo. Likizo yangu ni siku tano tu na nimeipangia kazi.

Aliyenitia safari hii kichwani ni bibi mmoja wa miaka 91, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Jina la mwanawe limemtoka. Hajui kama amekula au hajala. Lakini kila asubuhi nikianza kumchana nywele, anaimba wimbo wa Loreley, beti zote sita, bila kukosea hata neno moja. Siku hizi namchana taratibu kuliko inavyohitajika ili awahi kufika mwisho.

Wimbo wenyewe ni shairi la Heinrich Heine, mzaliwa wa Düsseldorf, alilolitoa mwaka 1824. Sauti inayoimbwa na Wajerumani wote ilitungwa na Friedrich Silcher miaka ya 1830. Jioni inaingia, Rhine inatiririka kimya, na juu ya mwamba ameketi msichana mzuri, anachana nywele zake za dhahabu kwa kitana cha dhahabu huku akiimba. Chini kuna mtu ndani ya mashua. Anaacha kutazama miamba, anatazama juu. Mwisho wake anazama. Nimelisikia shairi hilo mara mia na zaidi, na kila mara nabaki na swali lile lile: huyu dada amefanya nini? Hakumwita mtu. Anachana nywele.

Mimi ni mtoto wa Pangani, penye mdomo wa mto. Kwetu mtu akizama haisemwi kwamba amezama, husemwa chunusi, yule pepo wa majini, kamchukua. Kwa hiyo habari za mwanamke wa majini anayevuta watu si ngeni kwangu. Nimekulia humo, na kuna jambo moja la huko ambalo sijawahi kuliandika. Nadhani litaniponyoka kabla sijafika mwisho wa safari.

Nimebadili treni Koblenz. Ng'ambo ya mji, chini ya ngome ya Ehrenbreitstein, ndiko alikozaliwa mwaka 1778 Clemens Brentano, na bila yeye Heine asingekuwa na Loreley wa kumwimba. Watu wengi hudhani ngano hii ni ya kale, ya tangu mababu. Kumbe mwamba wenyewe ndio wa kale. Ulisifika kwa mwangwi: ukipiga kelele pale, sauti inakurudia mara kadhaa, na watu wakasema ni vibete wanaoishi mapangoni. Neno "lei" katika lahaja za huku ni jiwe, mwamba. Mwanamke hakuwepo. Aliletwa na Brentano mwaka 1801, katika utenzi aliouingiza ndani ya riwaya yake, akampa jina la mwamba: Lore Lay. Baada ya miaka michache tu watu wakawa wanaapa kwamba babu zao walimjua.

St. Goarshausen nimefika saa sita kasoro. Mji ni mstari mmoja wa nyumba uliobanwa kati ya reli na maji. Nimetembea juu ya gati la mawe linaloingia mtoni mpaka kwenye ncha yake, ambako ipo sanamu ya shaba ya Loreley, ya mwaka 1983. Ameketi uchi, nywele zimemwagika mbele. Pale nilikaa karibu saa nzima, lakini sikumtazama yeye. Nilitazama maji.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na alinifundisha kusoma maji kabla sijajua kusoma herufi. Hapa Rhine inabanwa na kona, na chini yake kuna shimo la mita 25 hivi. Unaona uso wa mto umekunjamana kama shuka iliyolaliwa, sehemu moja inakwenda mbio, sehemu ya pembeni inarudi kinyume. Meli inayoteremka inasukumwa na mkondo na haiwezi kusimama hata ikitaka. Inayopanda inatakiwa ijue nani anakuja nyuma ya kona. Ndiyo maana kuna vituo vya taa ukingoni: mistari ya mwanga inayomwambia nahodha anayepanda kama kuna chombo kinateremka. Zamani walisimama watu na bendera.

Januari 2011 meli ya mizigo iitwayo Waldhof, iliyobeba tani kama 2,400 za asidi ya salfuriki, ilipinduka karibu na hapa. Mabaharia walikuwa wanne, wawili tu ndio waliookolewa. Mto ulifungwa kwa majuma. Wachunguzi wakaenda kuhesabu shehena na kuangalia jinsi matangi yalivyojazwa, wakaona meli haikuwa na uthabiti wa kutosha. Hakuna aliyepanda mwambani kumtafuta mwanamke.

Alasiri nimepanda hadi juu, mita 132 kutoka majini, magoti yakilalamika. Meli ya watalii ilipita chini ikipiga wimbo ule kwa vipaza sauti. Kutoka huku juu, watu waliokuwa sitahani walikuwa kama punje za mtama. Mtu wa mashuani angeuona kweli uso wa mwanamke aliyekaa hapa? Angeona nukta.

Ijumaa: St. Goar, Oberwesel, Bacharach

Feri asubuhi kuvuka kwenda St. Goar. Dakika chache tu, magari sita, na harufu ya dizeli iliyonikumbusha kivuko cha Pangani kwenda Bweni mpaka nikafumba macho.

Oberwesel nimesimama kwa ajili ya Mabikira Saba. Ni mawe yaliyo katikati ya mto, ambayo huonekana maji yakipungua, na mwaka huu yamepungua. Ngano yake: katika ngome ya Schönburg waliishi mabinti saba wazuri, kila mchumba aliyekuja wakamkataa na kumcheka, na mto ukawageuza mawe kwa ugumu wa mioyo yao. Nimeyahesabu, sikufika saba. Kukataa kuolewa, basi, adhabu yake ni kugeuzwa jiwe la kuvunjia mashua. Imenikera, na nikaondoka bila kupiga picha.

Bacharach ni mji wa mbao na mizabibu. Kuna nyumba moja ya mwaka 1368 iliyopinda kama mzee, na bado watu wanakula ndani yake. Nimelala katika ngome ya Stahleck, ambayo sasa ni hosteli ya vijana. Kitanda cha chuma, shuka unatandika mwenyewe, na dirisha linaloangalia mto wote.

Hapa ndipo Brentano alipomweka Lore Lay wake, na huyu wa kwanza ni tofauti sana na yule wa kitana cha dhahabu. Hana mkia wala haishi majini. Ni mwanamke wa Bacharach, mtu wa mjini, mwenye macho ambayo kila mwanamume akiyatazama anapotea. Wanamwita mchawi. Askofu anamwita barazani amhukumu, naye anamwambia: nihukumu nife, nimechoka, mpenzi wangu amenihadaa na kwenda nchi ya mbali. Askofu akimtazama, hukumu inamshinda, kwa sababu na yeye ameshaingia mtegoni. Anaamuru mashujaa watatu wampeleke kwenye nyumba ya masista. Njiani anaomba kitu kimoja: apande mwambani aitazame mara ya mwisho ngome ya mpenzi wake. Wanamruhusu. Anaona chombo kinapita mtoni, anasema aliyesimama mle ni mpenzi wangu, anainama, anaanguka.

Kwa hiyo aliyezama ni yeye! Katika utenzi wa kwanza kabisa mwanamke ndiye aliyehadaiwa, ndiye aliyeshitakiwa, ndiye aliyekufa. Miaka 23 baadaye Heine anampandisha tena mwambani, na sasa wanaokufa ni wanaume, na kosa ni lake.

Sasa la Pangani, kwa sababu usiku huu halinipi usingizi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, alikwenda kuogelea na wenzake penye mdomo wa mto wakati wa bamvua, maji yakiwa yanakupwa. Mtu yeyote wa Pangani anajua maana yake: mto mzima unakimbilia baharini kwa pamoja, na ukiwa katikati hata uwe samaki huwezi kurudi. Wenzake walirudi. Yeye hakuonekana, hata mwili. Tulimsalia sala ya ghaibu.

Mtaa wa nyuma aliishi mama mmoja, mgeni kutoka bara, peke yake, muuza vitumbua. Alikuwa na tabia ya kwenda kuoga mtoni magharibi inapoingia, peke yake. Siku ya tatu ya matanga, mbele ya wanawake wote waliojaa ukumbini, marehemu bibi yangu, aliyenilea, mtu niliyempenda kuliko wote, akasema: "Huyo wa vitumbua ndiye mwenye chunusi." Hakuongeza neno. Hakuna aliyemjibu. Kesho yake watoto tukamfuata njiani tukimwita chunusi, chunusi, na mimi nilikuwemo, sauti yangu ilikuwa kubwa kwa sababu msiba ulikuwa wa kwetu. Hakugeuka. Baada ya wiki mbili nyumba ilikuwa tupu. Chuma chake cha vitumbua, chenye mashimo saba, kilibaki uani kimeegemezwa ukutani, na mvua ikakitia kutu.

Jumamosi: Luxembourg

Koblenz, kisha bonde la Mosel, kisha Trier, kisha mpaka ambao hata huuoni. Nimepanga makusudi nifike Luxembourg siku ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ni siku ya Melusina, mwanamke wa maji wa mji huu. Mabasi na treni nchini humu ni bure kwa kila mtu tangu mwaka 2020. Mgeni nilipanda basi bila tiketi huku moyo ukinidunda, nikimsubiri mkaguzi ambaye hakuja.

Mwaka 963 bwana mmoja, Siegfried, alibadilishana ardhi na abasia ya Mtakatifu Maximin ya Trier, akapata mwamba uitwao Bock na kijingome kilichoitwa Lucilinburhuc. Hilo ni la historia. Ngano inaongeza kwamba alimpenda Melusina, mwanamke mwenye sauti nzuri aliyemkuta penye mto Alzette. Melusina akakubali kuolewa kwa sharti moja: kila Jumamosi aachwe peke yake chumbani, asifuatwe wala asichunguliwe. Walikaa vizuri miaka. Kisha marafiki wa mume wakaanza: hivi mkeo hufanya nini huko? Akachungulia tundu la ufunguo. Alimwona ndani ya maji ya kuoga, anachana nywele, na kutoka kiunoni kwenda chini ni mkia wa samaki. Akaguta. Mke akamsikia, akazama, hakuonekana tena.

Nimeshuka mtaa wa Grund, ulio chini kabisa bondeni. Sanamu yake ya mwaka 2015, kazi ya Serge Ecker, ipo kando ya Alzette: ya zambarau, pande zake zimekatwakatwa kama jiwe la thamani. Mto wenyewe ni mwembamba, unaweza kumrushia mtu chungwa ng'ambo. Bata wawili, chupa moja ya bia inaelea.

Wenyeji wana mwisho wa ngano ambao umenikaa. Melusina yumo mwambani chini ya mji. Kila baada ya miaka saba hutokea, mara kwa sura ya mwanamke, mara kwa sura ya nyoka mwenye ufunguo wa dhahabu mdomoni, na atakayethubutu kuuchukua atamfungua. Akiwa humo ndani anafuma shati, pigo moja la sindano kwa kila miaka saba. Likimalizika kabla hajafunguliwa, mji wote utadidimia ndani ya mwamba pamoja naye.

Nimekula supu ya maharage kibandani, mvua imeanza, nimerudi kulala mapema.

Jumapili: njiani

Treni ya kasi hadi Paris, mwendo wa saa mbili na kitu. Metro ya namba 4 kutoka stesheni ya mashariki mpaka Montparnasse, watu wamebanana, nimekanyagwa mara mbili. Kisha Poitiers, nikafika giza limeingia. Siku ya kukaa tu.

Njiani nimesoma upya kisa cha Melusine wa Ufaransa, ambacho Jean d'Arras alikimaliza mwaka 1393 kwa amri ya mtawala wa Berry. Ni kirefu, na kinaanza kwa mama yake. Mama, Presine, naye alikuwa wa ulimwengu mwingine, naye aliolewa na mfalme kwa sharti: usinitazame nikiwa uzazini. Mfalme akaingia chumbani kwa furaha ya kusikia amepata mabinti watatu. Presine akaondoka nao. Walipokua, Melusine akawaongoza dada zake kumfungia baba yao ndani ya mlima. Mama akakasirika, kwa kuwa bado alimpenda, akamlaani: kila Jumamosi utakuwa nyoka kuanzia kiunoni. Ukipata mume akatunza ahadi ya kutokutazama siku hiyo wala kukusema, utaishi na kufa kama wanawake wote. Akiivunja, utabaki hivyo mpaka siku ya hukumu.

Hapo nikafunga kitabu kwa muda. Anachokitafuta Melusine katika kisa chote kizima ni kufa kama watu wanavyokufa.

Jumatatu: Lusignan

Treni ndogo kutoka Poitiers, dakika ishirini na kitu. Wakazi wa Lusignan wanaitwa Mélusins. Wanabeba jina lake kama ukoo. Mji uko juu ya kilima na mto Vonne unauzunguka chini. Ngome kubwa ambayo ngano inasema Melusine aliijenga haipo tena, ilibomolewa mwaka 1575 katika vita vya dini. Picha yake bado ipo, katika kitabu cha sala cha yule mtawala wa Berry, kwenye ukurasa wa Machi: wakulima wanalima mbele, nyuma minara myeupe, na juu ya mnara mmoja joka dogo la dhahabu linaruka. Ninayo kwenye kadi. Nimesimama penye njia ya matembezi yenye miti, iliyo mahali pa ngome, nimeinyoosha kadi mbele ya macho, na kuweka joka mahali ambapo sasa kuna anga tu.

Raymondin, aliyekuja kuwa mume wa Melusine, alikuwa amemuua mjomba wake kwa bahati mbaya katika uwindaji wa nguruwe mwitu. Akiwa anatangatanga msituni kama mwehu, alimkuta Melusine penye Chemchemi ya Kiu. Melusine alimjua jina, alijua msiba wake, akampa namna ya kujinasua, na akaomba Jumamosi tu. Akamtajirisha. Akajenga ngome na miji. Akamzalia watoto kumi wa kiume, wengi wao wenye alama: mmoja jicho moja jekundu na la pili la rangi nyingine, mmoja, Geoffroy, jino lililotokeza kama la ngiri. Ndugu yake Raymondin, bwana wa Forez, ndiye aliyekuja kumnong'oneza kwamba watu wanasema Jumamosi mkeo yuko na mwanamume. Raymondin akatoboa mlango kwa ncha ya upanga. Akamwona anajichana nywele ndani ya beseni kubwa, na chini ya kitovu mkia wa nyoka, mnene kama pipa la kuwekea samaki wa chumvi, ukipiga maji mpaka darini.

Na hapa kisa hiki kinakwenda mahali ambapo kile cha Luxembourg hakifiki. Raymondin aliliziba tundu kwa nta. Alimfukuza ndugu yake. Alilia usiku kucha. Alfajiri Melusine alikuja kitandani, akamkumbatia, na alijua kila kitu, akanyamaza, kwa sababu mume naye amenyamaza. Waliendelea kuishi. Kuchungulia hakukuwavunja.

Kilichowavunja kilikuja baadaye. Geoffroy wa jino alichoma moto abasia ya Maillezais, na ndani yake mlikuwa na ndugu yake mtawa. Melusine alipokuja kumfariji mumewe, Raymondin, kwa uchungu, mbele ya watu waliojaa ukumbini, alimwita nyoka. Akasema uzao wake wote ni laana. Melusine akaanguka, akazimia. Alipozinduka walisameheana wote wawili, wakalia, wakakumbatiana, lakini neno lilikuwa limeshatoka na watu wamelisikia. Akapanda dirishani, akageuka joka, akaizunguka ngome mara tatu akilia kwa sauti ya mwanamke. Yaya walimwona usiku akirudi kuwanyonyesha watoto wawili wadogo.

Ukumbini, mbele ya watu waliojaa. Nimekaa kwenye benchi pale juu na miguu imenifa ganzi.

Kabla ya kuruka, Melusine anamwambia mumewe alichompotezea. Ungelitunza ahadi yako, ningelikufa kama mwanamke, ningelipata sakramenti zote, na ningelizikwa katika kanisa la Bikira Maria wa Lusignan. Kanisa hilo lipo, la mawe makubwa, limesimama mpaka leo. Nimeingia. Mimi ni Mwislamu na sikujua nisimame wapi, nikasimama pembeni, karibu na nguzo. Hakukuwa na mtu. Ubaridi ulikuwa unatoka sakafuni, mawe yamelika katikati kwa miguu ya karne nyingi. Niliyatazama moja baada ya jingine, nikimtafutia mahali ambapo wangemlaza. Nikamsomea kaka yangu Fatiha kimyakimya, kwa kuwa na yeye hana mahali. Nilitaka kumwombea na yule mama. Nikafungua mdomo nikakuta sina jina. Nina vitumbua, nina chunusi, sina jina lake.

Nje nimekaa kwenye ngazi, nikampigia mama. Pangani ilikuwa alasiri, nilisikia redio na kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi, mbona upepo?"

"Mama, yule mama wa vitumbua, wa mtaa wa nyuma. Jina lake hasa nani?"

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha redio ikazimwa.

"Umemkumbuka nini leo?"

"Nataka jina tu, mama."

"Sisi tulizoea kumwita hivyo hivyo," akasema. "Subiri. Usikate. Ngoja nimwite shangazi yako, yeye walikuwa wakiazimana vyombo."

Nikasikia ndala zake zikivuka ua, na sauti yake ikiita.